Chumba Asichoingia Mtu Peke Yake

Bweni la wafanyakazi, 11 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine ya wiki iliyopita ambayo sikuandika. Mimi ni mzima, buheri wa afya, na uzuri wangu upo palepale ulipouacha.

Umeniuliza kwa nini situmi ujumbe wa simu kama watu wengine. Dada, sifa zangu hazienei kwenye ujumbe wa simu. Na kukupigia ndiyo kabisa. Tangu cherehani iyale masikio yako, mimi napiga kelele huku, wewe unaitikia "ehee, ehee" huko, tukikata simu hakuna aliyeambulia kitu.

Majirani wakikuuliza ndugu yako anafanya kazi gani, usiwaambie anabeba taka za maabara. Waambie ni mpishi. Kila siku napika vijidudu vya kifua kikuu, tena vile sugu visivyosikia dawa. Navitia kwenye mtungi wa mvuke mkubwa kuliko kabati lako la nguo, navichemsha mpaka viseme basi. Na hakuna mteja aliyewahi kurudisha sahani.

Vijidudu vyenyewe vinasafiri kwa hewa, ndiyo maana hewa ya chumba chetu cha ndani haina ruhusa ya kutoka mlangoni. Feni la darini linaivuta, linaipitisha kwenye vichujio, ndipo ikakutane na watu wa barabarani. Milango ni miwili na haifunguki pamoja. Wa kwanza usipojifunga, wa pili unakukatalia. Na hakuna anayeingia peke yake. Hiyo ndiyo kanuni kubwa. Mnaingia wawili, mnatazamana kama mawifi, mnatoka wawili. Mwenzangu ni mtaalamu mmoja niliyembatiza Bwana Kimya. Akisema "mm", hiyo ni hotuba.

Jana tumepimwa barakoa. Mashine ya kuhesabu vumbi imeharibika, basi tumerudi kwenye kipimo cha ulimi. Unavikwa kofia ya plastiki mpaka mabegani, halafu unapuliziwa mvuke mchungu mle ndani. Kwanza bila barakoa, waone ulimi unafanya kazi. Ukihisi uchungu unasema. Halafu na barakoa. Hapo ukihisi uchungu, ujue barakoa inavuja. Msimamizi ni afisa usalama, mama mmoja mrefu ninayemwita Mama Kanuni. Mimi nilisema "chungu" upesi kuliko wote. Tulipokuja kwenye barakoa, nikainamishwa, nikageuzwa kushoto na kulia, nikasomeshwa gazeti kwa sauti: kimya, sikuhisi kitu. Nimepita kama msafara wa waziri. Hata ndevu nimenyoa, maana barakoa haikai juu ya ndevu. Zile ndevu zilikuwa na heshima yake mjini, lakini kazi ni kazi.

Likizo yangu ni Julai. Mwambie mpwa wangu na hilo tumbo lake wanisubiri. Huyo mtoto nitamkuta, na nitambeba mimi kabla hajazoea sura nyingine mbaya.

Ni mimi,
Mpishi Mkuu

*

Nyumbani, 3 Machi

Mpishi Mkuu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikaruka sifa, ikabaki fupi.

Mtoto hakukusubiri. Amezaliwa kabla ya miezi yake, wa kiume, mdogo mpaka unaogopa kumfunika khanga asije akalemewa. Mama yake anamlaza kifuani mchana na usiku kama walivyomfundisha hospitali. Anapumua vizuri. Mimi ndiye nisiyepumua. Kwa kuwa simsikii akilia, nakwenda kumtazama kila wakati, mpaka binti yangu ananifukuza.

Nimekutumia kopo la jamu kwa mtu anayekuja huko. Nimeipika mwenyewe, usiku, macho mazito, lakini imeshika rangi. Na unitumie kipimo cha kiuno. Kuna kitambaa kizuri cha suruali kimebaki kwa mteja. Kila nikipata kitambaa cha kiume nakuona wewe umesimama juu ya kigoda, unakataa kutulia.

Unakula na nani huko?

Dada yako

*

Bweni, 20 Machi

Dada, bibi mwenye mjukuu,

Shikamoo, na hongera. Mimi sasa ni babu. Nimemwambia Bwana Kimya. Akasema "mm", halafu baada ya kitambo akasema "hongera". Neno zima. Nilitaka kumkalisha apumzike.

Jamu imefika. Tamu ajabu. Tangu mama yetu afariki sijaonja utamu kama huo. Nimeimaliza na kopo nimelamba, ungeniona ungedhani sina kwao. Ulimi wangu mpaka leo unakushukuru.

Kipimo cha kiuno ndiyo hicho kiuzi humo kwenye bahasha, nimekizungusha na kufunga fundo. Tepu sina, na jirani wa kumwomba sina.

Sasa kaa nikusimulie jinsi nilivyookoa nchi. Wiki jana, tukiwa chumba cha ndani, chupa ya makohozi ya mgonjwa ilipasuka ndani ya ile mashine inayozungusha chupa kwa kasi. Mlio mdogo tu, kama mtu amekanyaga glasi chumba cha pili. Bwana Kimya akanyanyua mkono. Hatukukimbia, humo ndani kukimbia ni kosa. Tukatoka, tukafunga, tukakaa nje mpaka feni libadilishe hewa yote ya mle ndani. Mama Kanuni alipouliza nani atarudi kusafisha, mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni. Tukarudi wawili, kama kanuni inavyotaka. Nikamwaga dawa, tukaisubiri ifanye kazi, nikaokota vigae kwa koleo kimoja kimoja. Mimi nimeinama ndani ya mashine, Bwana Kimya amenishikia taa. Nilivyotoka, Mama Kanuni alinitikisia kichwa cha kukubali. Dada, yule mama hakukubali hivyo hata siku ya harusi yake.

Nakula na watu wengi tu. Watu wananigombania.

Ni mimi,
Jemadari wa Hewa Chafu

*

Nyumbani, 2 Aprili

Mdogo wangu,

Leo sina utani.

Kabla barua yako haijafika nilikuwa natafuta mtu wa kukuletea salamu kwamba hiyo jamu uitupe. Tuliyobakiza hapa tumeifungua tukaitema. Usiku ule nilichota kwenye kopo la chumvi nikidhani sukari. Jamu yote ni chumvi. Binti yangu aliweka kidogo kwenye mkate, akakimbilia nje.

Na wewe unaniambia tamu, umelamba na kopo. Ningesema unanifariji, kama ulivyo. Lakini mtu anayefariji hasemi amemaliza.

Halafu hiki kiuzi. Nimekilaza juu ya kile cha mwaka juzi ambacho bado ninacho kwenye droo. Nikadhani umekosea, nikakinyoosha tena. Wewe si mtu wa kupungua hivi. Na uso nao umekonda? Maana wewe ukikonda huanzia mashavuni, tangu utoto.

Unanificha nini?

Dada yako

*

Bweni, 9 Aprili

Dada,

Shikamoo.

Uliponiuliza kuhusu uso nilikwenda kwenye kioo cha bafuni. Nilikuwa nanyoa mbele ya kioo hicho kila siku na sijaona. Mashavu yameingia ndani. Nikaenda kuvaa barakoa nikavuta pumzi, nikahisi kaubaridi kanapita pembeni ya pua. Kadogo tu. Nilikaa chini sakafuni.

Tangu yale mafua ya mwaka mpya sihisi ladha. Si chumvi, si sukari, si chungu, wala harufu. Nilidhani vitarudi. Chakula kikawa kama kutafuna karatasi, nikawa nakula nikikumbuka, na mara nyingi sikumbuki.

Siku ya kipimo, waliponipulizia bila barakoa, sikuhisi kitu. Niliwatazama walionitangulia walikunja uso baada ya kupuliziwa mara ngapi, nami nikakunja wangu mapema kidogo nisionekane mzembe. Walivyonivika barakoa sikuhisi kitu tena, wakaandika nimefaulu. Na mimi nikakuandikia wewe kwa mbwembwe. Na kwa uso huohuo nikainamia mashine yenye vigae.

Utaniuliza kwa nini. Nitakuambia, ila usicheke. Asiyefaulu haingii ndani. Anapelekwa ghala, kuhesabu maboksi ya glavu. Hapa nilipo, dada, naamka peke yangu, nakula peke yangu, napanda ngazi za bweni huku nawasalimia watu ambao funguo zao ziko tayari mlangoni. Chumba cha ndani ndicho mahali pekee ambapo mtu analazimika kunisubiri. Nikichelewa, Bwana Kimya hawezi kuingia. Anasimama pale na gauni lake la maabara mkononi mpaka nifike. Ni kanuni tu, najua. Lakini nikikunja kona ya korido nikamwona amesimama, siku yangu inakaa sawa.

Sijamwambia mtu. Nakuambia wewe.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 14 Aprili

Mdogo wangu,

Sijacheka.

Kaseme. Ukimaliza kuisoma hii, vaa viatu uende. Usimtafutie huyo mama maneno matamu, na usimletee kichekesho. Mwambie kama ulivyoniambia mimi. Huyo anayekusubiri mlangoni na gauni lake anaamini aliye naye ndani ni mzima wa barakoa. Siku ukikohoa, mtakuwa mnakoholeana.

Nilikulea tangu una meno mawili. Sikukulea ufe kwa kuona haya.

Ukishasema, niandikie.

Dada yako

*

Bweni, 6 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimesema.

Nilitegemea anifokee. Ningefokewa ningejitetea, unanijua. Mama Kanuni aliniuliza tu, "Tangu lini?" Nikamwambia. Akavua miwani, akakaa anafuta vioo ambavyo havina kitu. Akasema, "Mimi nimekaa mezani pale nikakuangalia ukikunja uso, nikaandika." Basi. Nilijiona mdogo kama kishikizo kilichoanguka chini ya meza yako.

Ile mashine ya kuhesabu vumbi waliiazima kwa maabara nyingine siku hiyohiyo. Barakoa yangu inavuja mashavu yote mawili. Wametupima wote upya. Bwana Kimya yake imebana vizuri, ashukuriwe Mungu na taya zake. Sasa kila mtu atapimwa pia akipungua mwili, na ulimi utahojiwa kwa vikombe vya maji, kimoja kichungu na kingine cha maji matupu, uonje useme kipi ni kipi. Hapo hakuna wa kukunja uso bure. Sheria imetungwa kwa ajili yangu. Wangapi wana sheria yao, dada?

Wamenipiga picha ya kifua: safi. Makohozi: safi. Damu ya kwanza haikuonyesha kitu, lakini wanasema ni mapema, vijidudu hivi havina haraka, itarudiwa Juni. Kazi sikufukuzwa. Nipo ghala. Glavu ndogo, za kati, kubwa. Mlango ni mmoja na unafunguka wakati wowote, na mtu yeyote anaweza kuingia peke yake, na hakuna anayeingia.

Bwana Kimya amepewa mwenzake mwingine. Tukikutana koridoni anasimama. Hasemi kitu, ila anasimama.

Ni mimi,
Waziri wa Maboksi

*

Nyumbani, 19 Mei

Waziri,

Marahaba. Leo nimecheka, kwa hiyo unaendelea vizuri.

Nimewasomea hapa nyumbani barua zako zote, za uwongo na za kweli. Kwa nini nifiche? Nimemwambia binti yangu, tazama mjomba wako, aliogopa lakini kasema. Alinisikiliza na mtoto wake kifuani. Naye ana kimya chake siku hizi, analala haba.

Mtoto anaongezeka. Hashiki mwili upesi lakini anashika. Anayo ile tabia yako ya kunyanyua nyusi kama anayedai kitu.

Nimekutengea chumba cha mbele, kile chenye dirisha la uani. Cherehani nimeisukumia koridoni, tunaipita kwa ubavu. Damu ikiwa salama, njoo. Isipokuwa salama, njoo ukishapona. Kula hata kama huhisi. Tafuna, umeze, mimi nikiwa huku nahesabu.

Dada yako

*

Bweni, 27 Juni

Dada wa pekee,

Shikamoo kubwa. Tuliza moyo usome mpaka mwisho, usirukie katikati.

Damu ya pili imeonyesha kijidudu kimeingia. Nimekwambia usome mpaka mwisho. Kimeingia lakini kimelala. Picha ya kifua ni safi tena, makohozi safi tena. Daktari amenichorea kwenye karatasi: mwenye kijidudu kilicholala si mgonjwa, hakohoi, hamwambukizi mtu. Nimeanza vidonge vya miezi sita ili kisije kuamka. Nilimuuliza mara ya kwanza, nikamuuliza mara ya pili kwa maneno mengine: naweza kusafiri? Naweza kukaa nyumba moja na mtoto mchanga? Naweza kumbeba? Akasema beba, mpaka mikono ichoke. Ameniandikia na cheti, kina muhuri. Nimekitolea nakala, moja nimekutumia humu, umwonyeshe mama wa mtoto.

Nafika mwisho wa Julai. Nimemnunulia mjukuu wangu kofia ya manyoya, ya bluu, ya kufunika masikio. Muuzaji aliniuliza kichwa kina ukubwa gani, nikamwonyesha ngumi. Akanipa ndogo kuliko zote. Nimeitundika kwenye msumari karibu na kitanda, na jana nimejikuta naiaga nilipokwenda kazini.

Na jambo jingine: pilipili nimeihisi. Upande mmoja wa ulimi, kama sindano. Nililia mezani, watu wa meza za jirani wakadhani ni pilipili yenyewe.

Ni mimi,
Msafiri

*

Nyumbani, 6 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Ni mimi, mpwa wako. Mama hajui kwamba nakuandikia, na nakuomba asijue.

Cheti cha daktari nimekisoma. Nimekipeleka kliniki, muuguzi naye akaniambia ni kweli, hakuna hatari. Nimeelewa kabisa. Halafu nikarudi nyumbani nikamlaza mtoto kifuani, nikasikia anavyopumua, kifua chenyewe kama cha ndege, nikaona siwezi.

Mjomba, naomba usije sasa.

Ulinibeba begani mpaka shule msimu wa mvua ili viatu visilowe. Sijasahau. Nikikumbuka hilo huku nakuandikia, najiona sina haya. Lakini ukifika nitakaa chumbani nimefunga mlango, na wewe utajua, na mama atajua, na itakuwa vibaya kuliko usipokuja. Mama amefua mapazia ya chumba chako. Siwezi kumwambia.

Nisamehe.

Mpwa wako

*

Bweni, 13 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba, mama.

Barua yako nimeisoma, nimeielewa, na nimeichana vipande vidogo. Hii nimempa mtu akukabidhi mkononi, nawe ichane.

Usiombe msamaha. Huo woga wako ndio niliokuwa nauhitaji mimi mwezi wa pili. Ningekuwa nao hata nusu, leo tusingeandikiana haya. Mama wa mtoto ndiye mlango wa pili. Ukikataa kufunguka, umekataa, na mwenye akili anarudi nyuma.

Mama yako niachie mimi. Maneno ninayo mengi, wewe mwenyewe unajua.

Kofia sitaituma, nisikuongezee wasiwasi wa kuichemsha. Watoto wanakua; akikua nitanunua ya kichwa kikubwa zaidi. Wewe lala anapolala. Kula.

Mjomba wako

*

Bweni, 13 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Kaa chini, na usimkasirikie mtu.

Likizo wameninyima. Nimepambana, wameninyima. Mama Kanuni kaja mwenyewe ghalani, kasimama mbele ya maboksi, akaniambia, "Wewe ukiondoka mwezi huu, hapa tutafunga." Nikamwambia, mama, mimi nina mjukuu. Akasema, "Wajukuu wapo wengi, mtu kama wewe yuko mmoja." Ningemjibu nini, dada? Ukweli ukisemwa na mkubwa huwezi kuupinga. Wanafunzi wapya wamekuja kujifunza barakoa na wanataka wasimuliwe na aliyeyaona kwa macho. Nasimama mbele yao nawaeleza jinsi mtu anavyoweza kudanganya ulimi wake, na wao wanaandika. Darasa la saba, dada, na wenye digrii wanaandika. Hata Bwana Kimya alikuja akasimama nyuma.

Kwa hiyo si Julai. Na Agosti nayo sioni, maana watakuja wengine. Tuseme mtoto akianza kutembea, atakuja kunipokea kwa miguu yake, nami sitapata taabu ya kumbeba. Afadhali hivyo, mgongo wangu wenyewe si ule wa zamani.

Mapazia yafungue. Rudisha cherehani chumba cha mbele, kwenye lile dirisha, macho yako yapate mwanga. Usishone gizani kwa ajili yangu. Mpwa wangu usimsumbue kwa habari hizi, analea, mwache apumzike. Na usiniandikie kwamba umehuzunika. Hapa nimezungukwa na watu, hata nafasi ya kuhuzunika sina.

Huyo mtoto akikua akauliza mbona babu wa mjini haonekani, mwambie babu yake ni mtu mkubwa sana, ndiyo maana hapatikani.

Ni mimi,
mdogo wako